Koti la Mdudu wa Kichomi

Baba mkwe wangu aliugua kichomi mara tatu, na ile mara ya pili ndiyo iliyonilazimisha kumfundisha paka baiolojia.

Sikuwa nimerukwa na akili. Nilikuwa mwalimu wa sekondari, nina cheti changu, na paka alikuwa paka wa jikoni tu. Lakini bila kujua habari za ukwe hamtanielewa, kwa hiyo nianze huko.

Niliolewa kwenye vilima vya Umatengo, juu ya Mbinga mjini, nikitokea ziwani upande wa Lundo. Kwa watu wa vilimani, sisi wa ziwani ni watu wa kukaa ufukweni tukingoja usipa, dagaa wetu, ujilete wenyewe, tusioweza kuchimba ngolo, yale mashimo yao ya kulimia yanayoshikilia mlima usiporomoke. Hilo nililivumilia. Lililonishinda lilikuwa heshima ya ukwe. Wazee wa nyumba ile walishikilia kwamba mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Baba akitaka kuniambia jambo, alimwambia mama mkwe, nami nimekaa pale pale nasikia kila neno. Mama alinigeukia akalirudia lote, pamoja na kikohozi. Nikishajibu, jibu nalo lilisafiri kwa njia ile ile. Kuulizana kama mvua itanyesha kulichukua muda mrefu kiasi kwamba mara nyingine ilikuwa imeshanyesha.

Mama akiwa hayupo, kazi ya tarishi ilikuwa ya paka. Alikuwa paka wa madoadoa, mvivu, anayelala karibu na majivu ya jikoni mpaka manyoya yake yakawa na rangi ya majivu. "We paka," baba alisema, "mwambie mwalimu mbuzi wanaikanyaga kahawa kwenye kichanja." Nilitoka nikawafukuza, nikarudi. "Paka, mwambie baba wameondoka." Hata shikamoo yangu ya asubuhi ilipitia kwa paka, na marahaba ikarudi kwa paka. Miaka yote ile hakuwahi kupoteza ujumbe hata mmoja, sifa ambayo siwezi kuipa posta yetu ya wakati ule.

Msidhani mzee alinichukia. Msimu wa mahindi mabichi, nikirudi kutoka shuleni nilikuta hindi la kuchoma limewekwa dirishani kwangu. Baba alikuwa amekaa uani amenipa mgongo, akisema kwa sauti, "Paka, mwambie mwalimu hindi lisipoe." Nilimpenda sana mzee yule. Nalisema waziwazi kwa sababu wakati ule hapakuwa na njia ya kulisema.

Kichomi cha kwanza kilimpata wakati wa baridi, ukungu umeshuka mpaka milangoni na kahawa imeanza kuiva. Alitetemeka, akashika mbavu, akawa anavuta pumzi fupi fupi. Mume wangu alikuwa kazini Songea, basi mimi na mama tulimpeleka mzee hospitali, wakaanza kumchoma sindano. Pale maabara nilimkuta kijana wa kwetu ziwani, wa kijiji cha Kihagara, ambaye aliposikia lafudhi yangu alifurahi kama ameletewa samaki mbasa mbichi. Nilimwomba nione alichokipata kwenye makohozi ya mzee. Akachanganya tone la makohozi na wino mweusi, akaweka kwenye hadubini, akanisogezea stuli.

Niliona weusi mtupu, na ndani ya weusi ule vidoa viwili viwili, vimekaa pamoja kama punje mbili ndani ya tunda moja la kahawa. Kila jozi ilikuwa imezungukwa na duara jeupe, safi, ambalo wino haukuweza kuliingia.

"Hilo jeupe ndilo koti lake, dada," akasema. "Bila hilo, huyu mdudu si kitu. Mwili unamla asubuhi kabla ya chai."

Akanieleza kwamba koti lile limetengenezwa kwa sukari, lakini si sukari ya kutia kwenye uji. Ni sukari iliyofungamana ikawa ute. Chembe nyeupe za damu, ambazo kazi yake ni kumkumbatia mdudu na kummeza, zikimkumbatia huyu anateleza anakwenda zake. Nilimwelewa papo hapo. Kwetu ziwani hakuna asiyewahi kuaibishwa na kambale. Unamshika huku anatokea kule, ndiyo maana kina mama wa kwetu hawamgusi kabla ya kutia mikono yao kwenye majivu. Nilipomwambia hivyo, kijana alicheka akasema mwili nao una majivu yake. Damu hutengeneza kitu cha kumpaka mdudu juu ya koti ili ashikike. Tatizo ni kwamba majivu hayo hutengenezwa kwa kufuata koti, na kuyatengeneza kunachukua siku kadhaa, na mdudu hana adabu ya kungoja.

Baba alipona. Mimi ndiye niliyebaki na homa. Nilipekua vitabu chakavu vya maktaba ya shule nikamsoma mdudu yule mpaka nikamheshimu. Wadudu hawakukaa kikao wakaamua kushona makoti. Zamani sana walikuwepo waliozaliwa na ute kidogo na waliozaliwa watupu, basi miili ya watu na wanyama ikawala watupu. Wenye ute wakabaki, wakazaana, na kati ya watoto wao wenye ute mzito zaidi wakabaki tena. Kwa maneno mengine, sisi wenyewe kwa ukali wetu tuliwafundisha kuvaa. Nilisoma pia kwamba koti ni gharama. Mdudu akikaa puani kwa mtu, ambako anahitaji kujibandika ukutani na kutulia, hulivaa jepesi. Akiingia kwenye mapafu na damu, hulivaa zito. Na akifugwa maabara kwenye chakula kizuri, bila adui, baada ya vizazi kadhaa wanatokea wasio na koti kabisa, nao wanastawi kuliko wenzao, kwa kuwa hawapotezi nguvu kulishona.

Baba hakuwa na akili ya mdudu yule. Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria, mitumba imemwagika Mbinga mjini kwa marobota, na watu wakiiita kafa Ulaya, kwa kuamini kwamba wenye nguo hizo wamekufa huko na kutuachia. Mume wangu alimnunulia baba koti la sufu lenye vifungo vya shaba, zito kama mlango, ili kichomi kisimrudie. Mzee akalivaa na hakulivua tena. Tuliposhuka Mbamba Bay kwenye harusi ya mdogo wangu, watu wa kwetu walikuwa na mashati mepesi wakijipepea, yeye kaketi katikati yao amefunga vifungo vyote, jasho linamtiririka mpaka kwenye soda. Shangazi yangu alimsihi alivue. Baba akamwambia hakuja ziwani kufa.

Alijiona salama kwa sababu mbili. Moja ilikuwa koti. Ya pili ilikuwa hoja yake mwenyewe, aliyoitoa kwa wazee wenzake pale sengu, ambapo wanaume wa ukoo walikula pamoja na kuamua mambo yote ya dunia. Alisema kichomi ni sawa na surua. Mtu akishaugua amemaliza, mwili umeshamjua mwizi wake, na akirudi atakamatwa mlangoni. Wazee wakaafiki. Mama aliniletea habari hizo jikoni, nikamwomba amwambie baba kwamba surua ni surua na kichomi ni kichomi. Mama akaenda, akarudi na jibu kwamba mwalimu afundishe watoto wa shule.

Sasa nije kwa mnunuzi wa kahawa, maana yeye ndiye aliyeokoa maisha ya baba, ingawa hajui na wala sitamshukuru.

Kabla ya soko huria, kahawa yote ilikwenda chama cha ushirika, na kama ni kulalamika tulilalamika sehemu moja. Kisha wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake na koti la kampuni yake. Msimu mmoja akaja kijana mchangamfu, koti la bluu lenye nembo mgongoni. Alicheka sana, alimsalimia kila mzee kwa unyenyekevu, na mizani yake ilikuwa na uchawi. Gunia lililowatoa jasho wanaume wawili, kwake lilikuwa jepesi kama kapu la majani. Tulipogundua, alikuwa ameshapakia na kuondoka. Hasira iliyowaka pale sengu sijaona mfano wake. Baba alisimama akaapa mbele ya ukoo kwamba mtu huyo akirudi, yeye mwenyewe atamtambua hata gizani.

Kuanzia hapo, kijiji chetu kilikuwa tayari. Tatizo ni kile walichokuwa tayari kukikamata. Bwana shamba alipanda siku moja kuja kukagua mibuni, maskini wa Mungu, amevaa koti la bluu. Walimfukuza mpaka bondeni, akaacha baiskeli. Fundi wa redio naye alipigwa kofi kwa ajili ya ovaroli. Bluu haikupita.

Msimu uliofuata akaja mnunuzi wa koti la njano, la mpira, la kujikinga na mvua. Baba alimkaribisha kwa mikono miwili. Alimpa kigoda, akampa ndizi, akamsimulia kwa kirefu habari za yule mwizi wa bluu. Yule wa njano alisikitika kwa dhati, akatikisa kichwa, akasema watu kama hao wanawaharibia jina wanunuzi waaminifu. Kisha akapima kahawa yote ya baba iliyokuwa imeshakauka. Gari lilipozama kwenye kona, mama alisema polepole, "Baba, yule mbona anacheka kama yule?"

Baba aliingia ndani, na jambo lile halikutajwa tena katika nyumba ile. Tuliishi nalo kama jiwe lililokaa katikati ya njia, kila mtu analizunguka. Hata paka nadhani alijua.

Ilikuwa baridi ya msimu huo huo kichomi kiliporudi. Mama alikuwa ameenda matangani kijiji cha mbali, na mume wangu yuko Songea. Nilikuwa nimetoka kumenya kahawa kwa mashine ya mkono, nikaingia jikoni na ndoo ya punje mbichi. Nikamkuta baba amekaa karibu na moto, koti limefungwa mpaka kidevuni, anatetemeka. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Mkono mmoja alikuwa ameukandamiza kwenye mbavu, upande mwingine safari hii, na kila pumzi ilikatikia njiani.

Nilijua ninachokiona. Kama angebaki pale mpaka mama arudi, mama angerudi kwenye msiba wa pili.

"Paka," nikasema, "mwambie baba twende hospitali sasa hivi."

Baba alimtazama paka. "Mwambie mwalimu siumwi kichomi. Kichomi nilishaugua."

"Mwambie baba hata kuongea kunamshinda."

"Mwambie mwalimu ni baridi tu." Alipumzika kidogo, kisha akaongeza, "Na koti hili ni la sufu."

Ningekuwa mkwe wa zama hizi ningemwinua kwa nguvu nikamtia kwenye toroli. Lakini kumgusa kungemtia aibu kuliko ugonjwa, na alikuwa mtu wa kufa na aibu yake kuliko kupona bila hiyo. Nikabaki na silaha moja, ualimu. Nikachuchumaa mbele ya paka, ambaye alifungua jicho moja.

"Sikiliza vizuri, paka, jambo hili litatoka kwenye mtihani. Mdudu wa kichomi ana koti."

Nikachota punje mbichi kutoka kwenye ndoo. Aliyewahi kumenya kahawa anajua punje ikitoka kwenye ganda lake jekundu inavyovishwa ule utelezi, mpaka tunailaza ichachuke ndipo tuioshe. Nikazibana mkononi, zikachomoka moja moja zikaruka sakafuni. Moja ilimpiga paka. "Umeona? Mwili unamshika mdudu, mdudu anateleza. Ndiyo maana mtu anaugua." Nikatia vidole kwenye majivu, nikaokota punje nyingine, nikaibana. Ikatulia. "Sasa ameshikika. Mwaka ule mwili wa baba ulitengeneza majivu ya kumshikia mdudu, ukasaidiana na sindano, akapona."

Baba alikuwa ametazama ukuta, lakini sikio lilikuwa kwangu. "Mwulize mwalimu," akasema, "kama mwili ulimshika mwaka ule, utashindwaje mwaka huu? Mwili wa Mmatengo hausahau."

"Mwambie baba haukusahau. Unalikumbuka lile koti la mwaka ule. Mwaka huu amekuja na jingine. Makoti yao ni ya aina nyingi, makumi kwa makumi, na majivu ya koti moja hayafai kwa jingine."

"Amelipata wapi hilo jingine? Wadudu wana mnada?"

"Wengine wanazaliwa nalo. Na wengine huokota vipande kwa wenzao waliokufa, wakajifunza ushonaji wao. Mwambie baba ni kafa Ulaya."

Mzee aliinamisha macho akalitazama koti lake mwenyewe, kifungo kwa kifungo. Kwa mara ya kwanza niliona limemtia mashaka. Lakini alikuwa kichwa ngumu. Alikohoa, akajipinda kwa maumivu, akangoja yaishe. "Mwambie mwalimu," akasema, na sauti sasa ilikuwa ya kutafuta, "mwili una akili. Hauwezi kudanganywa na koti."

Hapo ndipo nilipoliona lile jiwe katikati ya njia, na nilijua nikilikanyaga huenda nisisamehewe maisha yangu yote. Niliwaza nitarudi kwetu ziwani na masufuria yangu. Kisha nikamtazama alivyovuta pumzi.

"Paka," nikasema, "mwulize baba, yule mtu wa koti la bluu na yule wa koti la njano, walikuwa watu wangapi?"

Paka aliinuka, akajinyoosha, akatoka nje. Sijui kama alikuwa anafuata panya au alikuwa anakimbia kesi. Tulibaki wawili, bila tarishi, na moto ukilia kwenye kuni mbichi. Nilisikia pumzi zake fupi na nikajuta kila neno, nikaijutia hata ile ndoo ya kahawa.

Mwishowe aliinama akazungumza na jiko. "Nyie majivu," akasema, "mwambieni mwalimu aniletee viatu."

Gari lililopatikana lilikuwa lori la kahawa, limesimama barabarani chini ya kijiji, na dereva alikuwa mtu mnene mpole, amevaa koti kubwa la kijani. Baba alifika akiegemea fimbo, akashika mlango wa lori, akakataa kupanda.

"Vua koti," akamwambia dereva.

"Mzee, kuna baridi."

"Vua."

Dereva akanitazama, nikamwambia kwa ishara kwamba ana homa kali. Akavua. Baba, huku meno yanagongana, alimchunguza uso, akamchunguza masikio, akamwambia acheke. Mtu wa watu akacheka kwa woga. Baba aliridhika, akapanda.

Hospitali walimpokea haraka. Nesi alipomjia na sindano, mzee alimwuliza kama sindano hiyo inayajua makoti. Nesi akageuka kwangu. Nilimweleza nesi, ili baba asikie, kwamba sindano hailiangalii koti kabisa. Inavunja ukuta wa mdudu mwenyewe, ule ulio chini ya koti, pale anapotaka kukua. Awe wa bluu, awe wa njano, ukuta ni ule ule.

"Basi hiyo sindano," baba alimwambia nesi, "ndiyo ingefaa kuwa mwenyekiti wa kijiji."

Alirudi nyumbani amekonda, na tangu siku hiyo nyumba yetu ilikuwa na sheria moja. Kila mgeni avue koti mlangoni kabla ya kupewa kigoda. Katekista alivua. Bwana shamba, aliyerudi kufuata baiskeli yake, alivua bila kuambiwa. Na msimu wa kahawa ulipofika, akaja mnunuzi mmoja mchangamfu, koti jeupe kama la daktari, kalamu mfukoni. Baba alimkaribisha kwa upole wote. "Karibu, mwanangu. Vua koti." Kijana akasema ana mafua. Baba akasema hapa hata wenye mafua wanavua. Lilipotoka, likaonekana shingoni kovu ambalo kola zote tatu zilikuwa zimelifunika, na baba akamwomba acheke kidogo. Hakucheka. Alikimbia kwa njia ile ile ya bwana shamba, na mizani yake ikabaki kwetu. Wajukuu waliifunga kwenye mti wakawa wanajipima kwa kuning'inia, na wanawake wa kijiji walikuja kupimwa kwa furaha, maana kwa mizani ile hapakuwa na mnene.

Mimi na baba tulirudi kwenye utaratibu wetu. Hakutaja yale maneno ya jikoni, na hakunisema kwa mume wangu. Msimu wa mahindi mabichi ulipofika, nilikuta hindi dirishani, na paka akaambiwa lisipoe.

Siku hizi wajukuu zangu huchomwa kliniki chanjo ya kichomi, na mnajua imetengenezwa kwa kitu gani? Vipande vya makoti ya mdudu, aina nyingi kwa pamoja, ili mwili uandae majivu mapema. Nilipoelezwa hivyo na nesi, nilicheka mpaka akaniuliza kama nina tatizo. Nilikuwa namkumbuka baba, na ile mara ya tatu.

Miaka ilikuwa imepita. Paka alikuwa mzee, na baba mzee zaidi. Ilikuwa siku ya ukungu, nikarudi kutoka shuleni, nikakuta kigoda chake kitupu. Koti la sufu lilikuwa limetundikwa msumarini. Sijawahi kuliona pale wakati wa baridi, hata siku moja. Mama alikuwa shambani, hajui lolote. Nilimwita baba kwa sauti kutoka mlangoni, mimi mkwe, bila kupitia kwa mtu, na nyumba haikujibu. Jirani akaniambia amemwona akiteremka barabarani polepole, amevaa shati, akasimamisha gari.

Sikumbuki nilivyofika hospitali. Nakumbuka kwamba njia nzima nilikuwa nikilaumu koti, kwa nini ameliacha, atakufa na baridi kabla ya kufa na kitu kingine.

Alikuwa kwenye benchi, kwenye foleni, shati limefungwa vizuri, mikono ameikumbatia kifuani, anatetemeka. Nilisimama mbali kidogo kama ilivyo desturi. Nikatafuta mtu wa kupitishia maneno. Kulikuwa na mama mmoja na mtoto wake, wageni, wasingeelewa. Nikamwona baba naye akiangalia huku na huku, chini ya benchi, mlangoni, na nilijua anamtafuta nani. Hapakuwa na paka.

Basi akainua macho akanitazama usoni.

"Mwanangu," akasema, "amebadili koti tena. Safari hii nimemjua kabla hajakaa."

"Na lako, baba? Mbona umeliacha?"

"Mgonjwa naye avue," akasema. "Wasije wakatibu koti."

Nilivua sweta langu nikamfunika mabegani, nikamgusa, na dunia haikuanguka. Kisha nikakumbuka kwamba sijamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema, akasogea kunipa nafasi. "Kaa hapa, foleni ni ndefu."